Treni Iliyoambiwa Isisimame Palma Rota

Kama kuna mtu Palma Rota aliyetukanwa na watu wa kila aina bila kuwakosea, ni Eloína Verdecia. Alitukanwa na wanajeshi wa likizo, akatukanwa na wajawazito, na mwaka mmoja alitukanwa na mwalimu wangu wa zamani wa katekisimu, mama mtakatifu ambaye sikujua kama maneno yale anayo. Kazi ya Eloína ilikuwa kutangaza treni, na treni zetu hazikuwa na haraka ya kufika.

Mimi nauza kahawa pale stesheni tangu kiwanda cha sukari kilipofungwa. Naitia kwenye chupa mbili za chai na kuzifunika ndani ya kikapu cha nguo chafu, maana miaka ya mwanzo sikuwa na kibali. Jina langu Hortensia, wananiita Tencha. Nyumba yangu na ya Eloína zimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Ukipiga chafya huku, kule unaombewa afya. Kwa hiyo haya ninayoyasema, mengine niliyaona kwa macho na mengine niliyasikia kupitia ukutani. Sikutega sikio. Hakukuwa na namna ya kutosikia.

Zamani stesheni ilikuwa na spika. Radi ikaipiga, na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Tangu hapo Eloína akawa anatoka ofisini mwenyewe, anasimama kwenye ukingo wa jukwaa, anaweka mikono mdomoni na kupaza sauti. Alikuwa na sauti nene kuliko mwili wake. Mwembamba, mrefu, sketi ya bluu ya kazi inampwaya, kaibana kiunoni kwa pini, lakini akitangaza anasikika mpaka kwenye baa ya Cuco.

Siku treni inapochelewa, watu huwa na mwendo wao, na mimi nimeuona hadi nimeuzoea. Kwanza wanauliza kwa adabu. Halafu wanatania.

"Eloína, hiyo treni imepata mimba njiani nini?"

"Ikijifungua nitakuita uwe baba wa ubatizo."

Halafu wanaanza kula zawadi walizowabebea watu wao: jibini, peremende za mapera, mkate wa nyama ya nguruwe uliokusudiwa mpwa wa Havana. Chakula kikiisha, wanageuka kumtukana Eloína. Matusi yakiisha, wanalala juu ya mizigo, na kahawa yangu inakosa wateja.

Stesheni masta wetu, Arsenio Pupo, alimfundisha majibu matatu tangu siku ya kwanza. Inakuja. Iko njiani. Bado hatujapata habari. "Usiongeze lako," alimwambia. "Ukiongeza lako, watakuja kukudai." Na Eloína kwa miaka yote ile hakuongeza lake. Ndiyo maana watu walimtukana, nadhani. Ilikuwa kama kuzungumza na mlango.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alimkimbia akaenda kwa mwanamke wa Nuevitas, akamwachia binti mmoja, Yordanka. Binti akakua, akajifunza ususi, akaolewa Bayamo na mwanamume mtanashati asiye na maana, wakamzaa Keyla, wakaachana. Mwaka huu ninaousimulia, Keyla alikuwa na miaka minne, na nusu ya nchi ilikuwa inazungumza habari za Ekwado. Mkuba alikuwa anaingia Ekwado bila viza. Hata watu ambao hawakujua iko upande gani wa dunia walikuwa wanauza vitanda ili wakapande ndege.

Yordanka aliuza friji, akauza vifaa vya saluni, akauza simu yake. Akapata tiketi ya ndege ya mwezi wa Novemba, alfajiri. Mpango ukawa hivi: atatangulia yeye, akipata kazi na mahali pa kulala atamwita mtoto. Mtoto atabaki kwa bibi yake, Palma Rota.

"Si umlete mapema?" Eloína alimwambia kwa simu ya ofisini. Nilikuwa nimeketi dirishani. "Mlete wiki hii, azoee nyumba."

Akasikiliza kwa muda mrefu, akakata simu.

"Baba wa mtoto hataki kumtoa," akaniambia. "Anasema atamleta stesheni ya Bayamo siku hiyohiyo ya safari, si kabla. Anataka Yordanka amwombe mpaka mwisho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo atanipa dirishani. Treni ikisimama hapa, atanipitishia mtoto dirishani, na begi lake, basi. Dakika zile zile za kituo."

Alisema hivyo akicheka kidogo, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Usiku ule nilimsikia akisogeza vitanda.

*

Siku yenyewe treni ilitakiwa kufika asubuhi. Eloína alikuja kazini amevaa hereni. Alikuwa amebeba kijisanduku chenye wali wa maharagwe meusi na kipande cha kuku kwa ajili ya Yordanka, na mdoli mmoja wa zamani aliyemshonea gauni jipya.

Asubuhi ikapita. Jukwaani kulikuwa na abiria thelathini hivi, wengine wamelala hapo tangu jana. Namkumbuka mzee Lisandro, aliyekuwa mpima miwa kiwandani, sasa macho yote mawili yana ukungu. Alikuwa anakwenda Havana kufanyiwa upasuaji wa jicho, na nafasi ile aliingojea tangu masika. Alikuja na kiti chake cha kukunja kwa sababu mabenchi ya stesheni yalishaibiwa mbao. Karibu naye aliketi Mirtha, mwanamke mkubwa mwenye mdomo mkubwa zaidi, na ndoo ya mafuta ya nguruwe aliyokuwa akimpelekea mwanawe.

"Eloína, mama," Mirtha akaita, "leo umevaa hereni, treni ina mchumba ndani?"

"Ina mjukuu wangu ndani."

"Ah! Basi leo itafika. Ingekuwa ni sisi tu, tungeota mizizi."

Watu wakacheka. Eloína naye akacheka. Akatoa majibu yake: inakuja, iko njiani. Jua likapanda, mabati yakaanza kulia kwa joto. Mkate wa nyama wa kijana mmoja ukaliwa wote.

Mchana, Arsenio alimwita ofisini. Mimi nilikuwa nimempelekea kahawa yake, nimesimama na kikombe mkononi, na hawakunifukuza.

Arsenio alikuwa ameketi mbele ya redio. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa mtu aliyeogopa. Alibakiza miaka miwili astaafu na aliitembea miaka hiyo kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Wakubwa wa reli Camagüey wamesema treni ipite," akasema. "Isisimame hapa."

"Ipite vipi?"

"Ipite. Vituo vidogo vyote haisimami, mpaka mji wa Ciego. Wenye tiketi za hapa watachukuliwa na lori kesho."

Eloína akashika ukingo wa meza. "Kwa nini?"

"Hawakusema."

"Umewauliza?"

"Ndugu Eloína," Arsenio akasema, na alipokuwa anakuita ndugu ujue mambo ni magumu, "mimi siulizi. Naambiwa ipite, napunga bendera ya kijani, inapita. Nawe watu usiwaambie. Waambie baada ya kupita. Ukiwaambia kabla wataniletea fujo."

"Arsenio, mtoto yuko mle ndani."

"Najua."

"Yordanka ana ndege alfajiri. Akifika Havana na mtoto atamwacha na nani? Hana mtu kule. Simamisha dakika moja tu. Nyekundu dakika moja, nampokea mtoto, unapunga kijani."

"Nikisimamisha treni ya taifa kwa ajili ya mjukuu wako, kesho kutwa wananipeleka mashambani kukata vichaka vya miiba ya marabú. Na wewe pamoja nami."

"Basi nitakata."

"Wewe ukate, mimi mgongo sina." Akageuza uso. "Nenda nje. Waambie iko njiani. Si uongo, iko njiani kweli."

Eloína alibaki amesimama pale kidogo. Akaniangalia. Kikombe cha Arsenio kilikuwa kinapoa mkononi mwangu. Halafu akatoka.

Nilimfuata. Alikwenda mpaka kwenye ukingo wa jukwaa, mahali pake pa kila siku. Watu wakainua vichwa. Hakuweka mikono mdomoni. Alisema kwa sauti ya kawaida, na ikasikika.

"Jamani. Treni imeshatoka Camagüey. Haitasimama hapa. Wamesema ipite. Mtachukuliwa na lori kesho, ndivyo walivyosema. Mimi sijui kama lori lipo. Niliambiwa nisiwaambie."

Ilikuwa mara ya kwanza Eloína kuongeza lake.

Aliyeanza kutembea ni mzee Lisandro. Alikunja kiti chake, akapapasa ngazi kwa mguu, akashuka relini. Akakikunjua kiti katikati ya mataruma, akaketi, akaweka fimbo magotini.

"Mzee, utagongwa!" kijana mmoja akapiga kelele.

"Wanaona mbele hao," Lisandro akajibu. "Mimi ndiye nisiyeona."

Mirtha akashuka na ndoo yake. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, halafu wote. Arsenio alitoka ofisini akiwa na bendera ya kijani, akaliona lile kundi relini, akaingia tena akaleta nyekundu. Hakumwangalia Eloína. Alikimbia kuelekea mashariki pembeni mwa reli akiipunga ile bendera, mtu wa umri wake, kofia ikamdondoka.

*

Treni ilipiga honi kuanzia kwenye daraja na haikuacha kupiga. Ilisimama karibu kabisa, mabehewa yakagongana kwa nyuma, na vumbi la kutu likatuangukia. Dereva alitoa kichwa nje kabla hata magurudumu hayajatulia.

"Nani kawaweka relini, wendawazimu ninyi! Nani kawaambia!"

Watu walikuwa wanakimbilia milangoni na mizigo. Mirtha alimpandisha mzee Lisandro kwa kumsukuma mgongoni.

Eloína alikuwa anakimbia kando ya mabehewa, anaangalia madirisha. Nikasikia, "Mama! Mama, huku!" Yordanka alikuwa amejitokeza nusu mwili, nywele amezifunga kitambaa, amekonda. Hakusubiri. Alimshika Keyla makwapani, akampitisha dirishani, na mtoto akashuka mikononi mwa bibi yake macho yamemtoka, kiatu kimoja kikabaki ndani. Kikatupwa baadaye. Begi likafuata. Eloína akapandisha kijisanduku cha chakula.

"Kuku umemchemsha?"

"Nimemkaanga."

"Mama, anaogopa giza, umwachie taa. Na asinywe maziwa ya unga yenye mabonge, atakutapikia."

"Najua kulea, Yordanka."

"Najua unajua."

Wakashikana mikono, mmoja juu mmoja chini. Hawakulia. Kila mmoja alikuwa anajikaza kwa ajili ya mwenzake. Arsenio akapunga kijani. Dereva akapiga honi.

Treni ikatetemeka, ikatoa moshi mweusi, haikusogea. Akajaribu tena. Magurudumu ya injini yakazunguka papo hapo yakilia juu ya chuma, moshi ukafunika jukwaa zima. Akajaribu mara nyingi. Mwishowe ikanyamaza. Dereva akashuka, akaketi kwenye ngazi ya injini, akavua glavu.

"Mota mbili zimeungua tangu Las Tunas," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Ikiwa inakwenda, inakwenda. Ikisimama haina nguvu ya kuondoka. Camagüey walinisukuma kwa nyuma na injini ndogo ya stesheni ndiyo nikatoka. Nikawaomba njia nyeupe, nisisimame popote mpaka Ciego, kuna injini nzima kule. Niliwaomba. Wakaniambia vituo vyote vina habari."

Nilikuwa karibu na Eloína. Amembeba mtoto kiunoni. Nilimwona anasikia. Uso wake haukubadilika, ila ule mkono wa mtoto uliokuwa unacheza na hereni yake, aliushika akautuliza, akaushikilia.

*

Injini nyingine ilitoka Ciego jioni, jua linazama. Lakini hilo tulilijua baadaye. Mchana ule hakuna aliyejua lolote.

Abiria wa treni walishuka. Watu waliokuwa wanasafiri tangu jana usiku, wenye watoto, wenye wagonjwa, mama mmoja ana kidonda mguuni. Walipojua kwa nini treni ilisimama, waliwageukia watu wetu.

"Mngeshindwa nini kusubiri lori, wapumbavu wakubwa!"

"Lori la nani? Wewe umeketi, unatuambia sisi tusubiri?"

"Mimi namzika dada yangu kesho Matanzas!"

Kijana mmoja wa Palma Rota alipigwa kibao. Mirtha akaingilia kati na tumbo lake, akawatenganisha. Baadaye watu walichoka kugombana. Wanawake wa mtaa wakaleta maji kwa ndoo, Cuco akafungua baa, na mimi nilichemsha kahawa mpaka unga ukaisha. Sitasema kwamba sikuuza. Niliuza.

Yordanka naye alishuka. Mwanzoni alifurahi, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Aliketi kivulini na mama yake, Keyla katikati, wakala ule wali pamoja. Alimsuka mtoto. Alimwonyesha mama yake picha ya mwanamke wa Quito atakayempokea. "Mungu ametupa nafasi," akasema. "Nilidhani nitakuona dakika tu." Eloína akaitikia kwa kichwa.

Halafu kivuli kikasogea, na Yordanka akaanza kuliangalia jua.

"Mama, injini itakuja saa ngapi?"

"Iko njiani."

"Iko njiani wapi?"

"Bado hatujapata habari."

Yordanka akamgeukia. "Mama. Usinijibu kama abiria."

Eloína akasema, "Sijui, mwanangu. Kweli sijui. Kama ningekuwa wewe, nisingeingoja."

Wakaanza kuhangaika. Mwenye Lada hana petroli. Daktari wa zahanati ana pikipiki, tairi limepasuka. Arsenio, nampa haki yake, alikwenda mwenyewe mpaka kwenye ushirika wa wakulima akarudi na lori la kubebea ng'ombe lililokuwa linakwenda hadi barabara kuu. Yordanka akapanda nyuma na begi lake. Keyla, ambaye mchana kutwa alikuwa ametulia, sasa ndipo alipoelewa. Alipiga kelele hata ng'ombe wa jirani wakaitikia. Eloína alimshika kwa mikono yote miwili, na lori likaondoka. Yordanka aliufunika uso wake kwa kile kitambaa.

Kutoka barabara kuu alipata lori jingine mpaka Sancti Spíritus. Hapo alikaa usiku kando ya barabara. Alifika uwanja wa ndege jua limeshatoka. Ndege ilikuwa imekwenda. Wakamwambia tiketi haibadilishwi, anunue nyingine. Alibaki Havana akilala kwa rafiki, akisuka watu, akitafuta njia ya kupata tiketi, na kabla hajaipata mwezi ule ukaisha na Ekwado ikaanza kudai viza. Mlango ukafungwa.

Akarudi Palma Rota. Hakukuwa na pengine pa kwenda. Mtoto alikuwa huku.

*

Eloína alikwisha kuadhibiwa. Walimwondoa kwenye kutangaza wakampa ufagio na choo cha stesheni. Arsenio alistaafishwa kabla ya wakati. Alikuwa akikutana na Eloína dukani anamsalimia kwa kuinua kofia.

Yordanka hakujua ni nani aliyewaambia watu. Alijua kwamba watu walikaa relini, basi. Aliwachukia watu wa relini kwa jumla, kama unavyochukia mvua. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Ni Mirtha aliyesema, na hakusema kwa ubaya. Tulikuwa foleni ya mkate, Yordanka analalamika habari za "wale wajinga", na Mirtha ambaye ni mmoja wao akachoka kusikia.

"Binti, kamuulize mama yako kwanza. Sisi tulikuwa tumelala. Yeye ndiye aliyetuamsha."

Siku ile nilisikia kila kitu kupitia ukutani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulijua injini ni mbovu?"

"Hapana."

"Ulijua kwa nini isisimame?"

"Hawakutuambia."

"Na hukuuliza?"

"Nilimuuliza Arsenio. Hakuwa anajua. Kulikuwa na redio pale mezani, Yordanka. Ningeishika nikauliza Camagüey mwenyewe. Sikuwaza. Nilikuwa nakuwaza wewe umesimama Havana na mtoto."

"Ningemwachia mtu! Ningempa hata jirani wa uwanja wa ndege! Ningejua la kufanya!"

"Ungempa nani?"

"Mtu!"

Kitu kikavunjika, sahani nadhani. Halafu Yordanka akauliza kwa sauti ya chini, na ilibidi niache kukwangua chungu ili nisikie, "Na wale watu wote? Uliwaambia kwa ajili yao au kwa ajili yako?"

"Mzee Lisandro alikuwa na upasuaji wake," Eloína akasema. Kisha akasema, "Kwa ajili yangu. Miaka yote sikuwaambia kitu. Siku niliyowaambia ilikuwa kwa ajili yangu."

Lisandro, kwa taarifa yenu, alifika hospitali amechelewa, nafasi yake amepewa mwingine. Walimfanyia mwaka uliofuata, jicho moja. Linaona kiasi. Alikuja kumwambia Eloína kwamba yeye hana kinyongo na angeketi pale tena. Eloína alimshukuru, lakini nilivyomwona maneno yale hayakumfikia.

Waliishi pamoja nyumba ile miaka sita. Usidhani walikuwa wanagombana, ingekuwa afadhali. Yordanka alifungua kisaluni barazani. Alimheshimu mama yake, alimpikia, alimpaka rangi nywele kila mwisho wa mwezi, mama ameketi kwenye kiti cha wateja, taulo begani, na hakuna anayezungumza. Wateja walikuwa wanaona aibu kuingia wakati ule. Keyla ndiye aliyekuwa anaruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine akiwapelekea habari: mama anasema hivi, bibi anasema vile.

Nilimwambia Eloína mara moja, "Mwombe msamaha, mwanamke, yaishe."

"Nilishamwomba. Anasema amenisamehe."

"Sasa?"

"Sasa hakuna. Amenisamehe, na yuko hapa."

Halafu Nikaragua ikawafutia Wakuba viza, watu wakaanza kupitia kule kwenda Marekani. Safari hii Yordanka hakuuza kitu kwa kishindo wala hakuaga mtu. Na hakumwacha mtoto; Keyla alikuwa na miaka kumi, miguu mirefu kama ya bibi yake. Waliondoka mchana kwa gari la kukodi. Eloína alitaka kuwasindikiza mpaka Havana, Yordanka akasema kiti hakipo. Kiti kilikuwepo. Nilikiona mimi, Eloína alikiona. Alimkumbatia mjukuu wake kwa muda, akamkumbatia binti yake, na Yordanka alipotaka kujitoa, mama hakumwachia mara moja. Binti akatulia mle mikononi, akaegemeza kidevu begani. Halafu wakapanda.

Wako Tampa sasa. Yordanka anasuka kwenye saluni ya Mdominika, Keyla anaenda shule kwa basi la njano. Simu ya mtandao ninayo mimi, kwa hiyo Eloína huja kwangu Jumapili baada ya chakula, anakaa kwenye kiti kile kile karibu na dirisha ambapo mtandao unashika. Wanazungumza bei ya mayai, wanazungumza joto. Siku ile hawajaigusa tena. Jumapili iliyopita Yordanka alimuuliza kama anakunywa vidonge vya presha. Akasema anakunywa, kila asubuhi, asiwe na wasiwasi. Vidonge hivyo duka la dawa hawana tangu Januari. Nilikuwa nakoroga kahawa jikoni, nikaendelea kukoroga.